Wagonjwa Watatu, Jina Moja: Somo la Filamu ya Three Christs kwa Wanaotibu na Wanaotibiwa

Tarehe 1 Julai 1959, katika hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili ya Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, wanaume watatu waliketishwa katika chumba kidogo na kuombwa wajitambulishe. Wa kwanza alitaja jina lake, na alipoulizwa kama ana jambo la kuongeza, akajibu kuwa yeye ni Mungu. Wa pili, mzee wa makamo ya miaka sabini, alitoa jibu linalokaribiana na hilo kwa maneno ya kukatika-katika. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alieleza kwa utulivu kwamba hati yake ya kuzaliwa inamtambulisha kuwa ni Yesu wa Nazareti aliyerudi duniani kwa mara nyingine.

Hawakukutana kwa bahati. Aliyewakutanisha ni Milton Rokeach, mtaalamu wa saikolojia ya jamii, aliyetaka kujua nini kitatokea endapo watu watatu wanaodai kuwa mtu mmoja yuleyule watalazimika kulala katika wodi moja, kula meza moja na kukaa pamoja kila siku. Kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Agosti 1961, aliwafuatilia na kuandika karibu kila walichosema. Mwaka 1964 alichapisha kitabu kiitwacho The Three Christs of Ypsilanti. Miaka zaidi ya hamsini baadaye kitabu hicho kilizaa filamu.

Filamu hiyo, Three Christs, yaani Makristo Watatu, iliongozwa na Jon Avnet. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2017, na ikaingia katika kumbi za sinema za Marekani Januari 2020. Richard Gere anaigiza daktari aliyepewa jina la Alan Stone, ambaye anasimama mahali pa Rokeach. Wagonjwa wanaigizwa na Peter Dinklage, Walton Goggins na Bradley Whitford. Mtazamaji anayeiangalia kwa kuburudika ataona kisa cha daktari mwenye moyo mwema anayepambana na wakubwa wenye mioyo migumu. Lakini mhudumu wa afya, mgonjwa, au ndugu aliyewahi kuuguza mtu mwenye ugonjwa wa akili, ataona ndani yake swali ambalo hukutana nalo kila siku: mtu anapoamini kwa moyo wake wote jambo lisilo kweli, anayemtibu afanye nini? Abishane naye? Amkubalie? Au ipo njia ya tatu?

Imani isiyotikisika

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza kueleza ugonjwa wenyewe. Wataalamu huita hali hii imani danganyifu. Ni imani ambayo mtu huishikilia kwa uthabiti usio wa kawaida, hata anapoonyeshwa ushahidi ulio wazi unaoipinga, na ambayo watu wa jamii yake, dini yake na utamaduni wake hawashiriki. Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa. Muumini anayesema Mungu amemjibu maombi yake si mgonjwa, wala bibi anayeamini kuwa mizimu ya ukoo hulinda nyumba hana ugonjwa kwa sababu hiyo tu. Imani zao zina watu wanaozishiriki, zina mipaka inayojulikana, na haziwazuii kulima, kulea wala kufanya biashara. Imani danganyifu humtenga mwenye nayo. Mara nyingi hata waumini wenzake ndio wa kwanza kutambua kwamba mwenzao amevuka mpaka.

Imani hizi huwa za namna nyingi. Wapo wanaoamini kuwa wanafuatwa, wanatiliwa sumu au wanarogwa. Wapo wanaodhani redio inawasema wao, au simu imepandikizwa kifaa cha kusoma mawazo yao. Wapo wanaojiona kuwa wafalme, manabii au matajiri wakubwa. Maudhui hufuata mazingira ya mtu: Michigan ya miaka ya 1950 ilitoa Makristo na mawakala wa siri, Afrika Mashariki ya leo hutoa zaidi hofu za uchawi, majini, majirani na mitandao ya simu. Nguo hubadilika, mwili ni uleule.

Hali hii huonekana sana katika skizofrenia, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa unawapata watu wapatao milioni 24 ulimwenguni, sawa na takribani mtu 1 kati ya kila 300. Lakini yaweza kujitokeza pia katika sonona kali, katika ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, baada ya kujifungua, kutokana na pombe, bangi au mirungi, na katika magonjwa ya mwili kama vile malaria kali, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, kifafa na matatizo ya tezi ya shingo. Kwa hiyo mtu anayeanza ghafla kusema kuwa yeye ni nabii anastahili kwanza kupimwa mwili wake, hasa akiwa na homa, akichanganyikiwa au akisinziasinzia.

Kwa nini hoja hazifui dafu? Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba katika ubongo wa mgonjwa mfumo wa kemikali iitwayo dopamini huyapa uzito mkubwa mambo madogo ambayo mtu mwingine angeyapita bila kuyajali. Mtu akikohoa ndani ya basi, gari likipunguza mwendo, jirani akifunga dirisha, kila kitu huonekana kina ujumbe. Akili hutafuta maelezo ya uzito huo, na maelezo yakipatikana huleta nafuu. Imani danganyifu, kwa maana hiyo, ni jibu ambalo mgonjwa amelipata baada ya mahangaiko. Anayelishambulia jibu hilo huliacha swali pale pale.

Wanaume watatu

Rokeach aliwapa wagonjwa wake majina ya kubuni ili kuwasitiri: Clyde, Joseph na Leon. Filamu imeyachukua majina hayo, lakini imewabadilisha watu wenyewe kwa kiasi kikubwa. Kitabu kinawaeleza kwa undani zaidi, na undani huo unasikitisha.

Clyde alikuwa mkulima. Katika kipindi kifupi alifiwa na mke na wazazi wake, na binti yake akaolewa akaondoka. Alikimbilia ulevi, mali ikaisha, na hatimaye akafungiwa hospitalini. Joseph alilelewa na baba mkali ambaye hakuthamini vitabu, ilhali yeye alitamani kuwa mwandishi. Aliacha kazi ili aandike, hakufanikiwa, akaanza kuhofia kuwa anatiliwa sumu. Kufikia mwaka 1959 alikuwa amekaa hospitalini karibu miaka ishirini. Leon aliachwa na baba yake angali mdogo, akalelewa na mama aliyezama katika ibada kupita kiasi na ambaye mwenyewe alikuwa na dalili za ugonjwa wa akili. Alipigana katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi nyumbani, na siku moja akavunja sanamu na picha takatifu za mama yake na kumwamuru amwabudu yeye.

Ukiwatazama hivi, madai yao hayashangazi tena. Mtu aliyepoteza wote aliowapenda, mtu ambaye hakuna aliyesoma alichoandika, na mtu ambaye hakuwahi kuwa na nafasi katika nyumba yake mwenyewe, wote walijichagulia jina ambalo hakuna awezaye kulipuuza. Ugonjwa haukuletwa na masaibu hayo peke yake. Urithi na kemia ya ubongo vina sehemu kubwa. Lakini masaibu ndiyo yaliyoupa ugonjwa lugha ya kusemea.

Wazo lilikotoka

Wazo la Rokeach lilianzia nyumbani kwake. Jioni moja mezani aliwaita binti zake wadogo kwa kubadilishana majina, huyu kwa jina la yule. Mwanzoni walicheka. Alipoendelea, mchezo uligeuka kuwa hofu, nao wakamsihi aache. Rokeach aliona kwamba jina na utambulisho wa mtu ni nguzo ya nafsi yake, na kwamba nguzo hiyo ikitikiswa nafsi nzima hutetemeka. Asingeweza kuendelea kuwatesa wanawe, lakini alijiuliza: je, kwa mtu ambaye utambulisho wake ni wa uongo, kutikisika huko hakuwezi kumrudisha kwenye ukweli?

Alipata visa viwili vya kumtia moyo. Voltaire alisimulia habari za Simon Morin, Mfaransa wa karne ya 17 aliyepelekwa katika nyumba ya wendawazimu, akakutana huko na mtu mwenye madai kama yake, akaushangaa ujinga wa mwenzake hadi akautambua wake kwa muda. Baadaye alirudia madai yake na akachomwa moto mwaka 1663. Kisa cha pili kilikuwa cha wanawake wawili katika hospitali moja huko Maryland, kila mmoja akidai kuwa Mariamu mama wa Yesu. Baada ya mazungumzo marefu, yule mkubwa kwa umri aliamua kwamba kama mwenzake ni Mariamu, basi yeye bila shaka ni mama yake Mariamu. Hali yake iliendelea kuwa nzuri.

Kwa visa hivyo viwili, na kwa tumaini kubwa, Rokeach alianza kazi. Aliwapa wanaume watatu vitanda vilivyokaribiana, kazi ya pamoja katika chumba cha kufulia, na kikao cha kila siku.

Kilichotokea

Hakuna aliyeacha dai lake kwa sababu ya kukutana na wenzake. Kila mmoja alitafuta maelezo, na maelezo yenyewe yanafundisha kuliko nadharia nyingi. Clyde alisema wale wengine wawili wamekufa, na kinachozungumza ndani yao ni mashine. Joseph alisema jambo ni rahisi: wenzake ni wagonjwa katika hospitali ya vichaa, na maneno ya kichaa hayana ushahidi. Leon, aliyekuwa msomi zaidi, alikubali kuwa wenzake ni miungu midogo, vyombo tu visivyo na uungu wa kweli.

Kwanza waligombana. Clyde alimpiga Leon, na Leon hakurudisha. Kisha, polepole, likatokea jambo ambalo Rokeach hakulitarajia: waliacha kulizungumzia. Waliendesha vikao kwa zamu ya uenyekiti, waliimba pamoja kabla ya kuachana, walipeana tumbaku. Kila mmoja alijua mwenzake anaamini nini, na kila mmoja alichagua kutomwumbua. Ugonjwa ulibaki, lakini upweke ulipungua. Filamu inayaonyesha haya kwa ustadi, na hapo ndipo inapogusa moyo: watu watatu ambao dunia iliwaona kama vichekesho wanajifunza heshima ambayo wazima wa hospitali ile hawakuwa nayo.

Leon alikwenda mbali zaidi. Mapema kabisa aliutambua mpango na akauita kwa jina lake. Alimwambia mtafiti kwamba kumtumia mgonjwa mmoja dhidi ya mwingine si saikolojia njema. Yeye, mwenye cheti cha ugonjwa, ndiye aliyeinua kanuni ya maadili ambayo mwenye shahada hakuiona.

Barua za uongo

Mbinu ya kwanza iliposhindwa, Rokeach alichukua njia nyingine. Leon aliamini ana mke, kiumbe wa kufikirika aliyemwita kwa jina la ajabu. Rokeach akaanza kumwandikia Leon barua kwa jina la mke huyo, akimpangia miadi, akimtumia zawadi ndogo na fedha kidogo. Leon, aliyekaa miaka bila kupokea barua ya mtu yeyote, aliguswa hadi akakaribia kutoa machozi. Joseph naye alipokea barua za upendo zilizoandikwa kwa jina la mkuu wa hospitali, ambaye alimwona kama baba, na akapewa vidonge visivyo na dawa yoyote huku akiambiwa vitamponya. Tena, mtafiti msaidizi wa kike aliletwa kuzungumza na Leon, naye Leon akampenda. Mapenzi hayo yasingeweza kufika popote.

Lengo halikuwa kuwadhihaki. Rokeach alidhani kwamba kama mgonjwa humtii mtu wa kufikirika, basi huyo wa kufikirika aweza kumwongoza kwenye uzima. Lakini tazama kilichofanyika: daktari aliingia ndani ya ugonjwa, akavaa vazi lake, na kuanza kusema kwa sauti yake. Leon hatimaye alizikataa barua na zawadi, akajikunja zaidi ndani ya nafsi yake. Mtu aliyekwisha kuachwa na baba yake alifundishwa mara nyingine kwamba anayemkaribia kwa upendo huwa anamdanganya.

Yafaa kukumbuka wakati wenyewe. Kanuni za Nuremberg kuhusu utafiti kwa binadamu zilikuwapo tangu 1947, lakini Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani lilipitishwa mwaka 1964, mwaka uleule wa kitabu. Hospitali zilifurika wagonjwa, madaktari walikuwa wachache. Klorpromazini, dawa ya kwanza ya kutuliza saikosisi, ilikuwa na umri wa miaka michache tu tangu ianze kutumika Paris mwaka 1952. Katika hali hiyo, mtu aliyekaa na wagonjwa watatu kila siku na kuwasikiliza alikuwa amewapa kitu ambacho wengine wengi hawakukipata. Hilo ni kweli, na halifuti lile lingine.

Rokeach mwenyewe hakulifuta. Karibu miaka ishirini baada ya kitabu kutoka, aliandika maneno ya toba. Alikiri kwamba hakuwa na haki, hata kwa jina la sayansi, ya kuyapanga maisha ya watu wale usiku na mchana kana kwamba yeye ndiye Mungu. Alisema hakumponya yeyote kati ya watatu, bali wao ndio walimponya yeye na imani yake danganyifu kwamba aweza kuwabadilisha watu kwa kuwatawala. Alijihesabu kuwa wa nne katika kile chumba.

Filamu na ukweli

Filamu inaisogeza hadithi upande wa daktari. Stone ni daktari wa magonjwa ya akili, ilhali Rokeach hakuwa daktari wa tiba. Stone anapinga mshtuko wa umeme na dawa nzito, anataka mazungumzo, na anazuiwa na wakubwa wanaotafuta umaarufu. Kwa sababu hiyo kosa kubwa linahamishiwa kwa wengine, na toba ya Rokeach, ambayo ndiyo kiini cha kisa cha kweli, inafifia.

Jambo jingine linahitaji kusahihishwa kwa ajili ya wagonjwa watakaoitazama. Tiba ya umeme katika filamu inaonekana kama adhabu, na ni kweli kwamba katika hospitali nyingi za zamani ilitumika vibaya. Leo, inapotolewa kwa utaratibu unaotakiwa, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, hufuatiliwa kwa vipimo, na idhini yake au ya anayemwakilisha kisheria hutafutwa kwanza. Huokoa maisha katika sonona kali na katika hali ya kuganda mwili ambapo mgonjwa hali wala hanywi. Vivyo hivyo, dawa za saikosisi zisionekane kuwa minyororo. Kwa wagonjwa wengi, haloperidoli, risperidoni, olanzapini na nyinginezo hupunguza ule uzito wa ajabu ambao mambo madogo huubeba. Imani haifutiki kwa siku moja, bali kwa wiki kadhaa huanza kupoteza nguvu, na mgonjwa huijali kidogo kidogo. Clyde, Joseph na Leon walizaliwa mapema mno kufaidika kikamilifu na maarifa hayo.

Njia ya tatu

Basi swali la mwanzo lina jibu gani? Kubishana kulishindwa Ypsilanti. Kujifanya kuamini kulishindwa vibaya zaidi. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotungwa kwa ajili ya vituo visivyo na mabingwa, unawaelekeza wahudumu wasijaribu kumshawishi mgonjwa kwamba anachoamini au anachokisikia si cha kweli. Hilo halina maana ya kukubali. Kati ya kukana na kukubali ipo nafasi pana, nayo ni nafasi ya kuikabili dhiki ya mgonjwa.

Chukua mfano wa mzee aliyeletwa kituo cha afya na wanawe kwa sababu haoni usingizi na hali chakula, akisema majirani wanamwekea sumu. Mhudumu anayesema, “Mzee, hakuna sumu, hayo ni mawazo tu,” amefunga mlango. Anayesema, “Kweli, majirani wa siku hizi ni wabaya,” amefungua mlango usio wake. Anayemwamkia, akamketisha na kusema, “Shikamoo, mzee wangu. Naona umechoka sana. Siku ngapi hujalala? Kuishi na hofu namna hiyo ni kazi ngumu,” hajasema uongo hata neno moja, na amepata pa kuanzia. Mzee akimwuliza moja kwa moja kama anaamini habari za sumu, aweza kujibu kwa ukweli na upole: “Mimi sijaiona sumu hiyo, na huenda ninaliona jambo hili tofauti na wewe. Lakini naiona shida uliyo nayo, na hiyo twaweza kuishughulikia pamoja.” Mgonjwa aliyekataa dawa ya “ugonjwa wa akili” mara nyingi huikubali dawa ya kumsaidia kulala na kupunguza hofu, mradi ameelezwa kwa uwazi dawa hiyo ni ipi, inafanya nini na ina madhara gani. Kumfichia dawa kwenye chai au uji ni barua ya uongo kwa sura nyingine. Siku atakapoigundua, hofu yake ya sumu itakuwa imethibitishwa.

Mhudumu asisahau kuuliza mambo ya usalama. Je, sauti anazosikia zinamwamuru ajiumize au amdhuru mtu? Amefikiria kujiua? Yupo anayemtaja kuwa adui, na je, amejiandaa kumkabili? Maswali haya hayampandikizi mgonjwa mawazo mapya. Majibu yakitisha, huo si wakati wa kusubiri. Ni wa kumpeleka kwenye hospitali yenye huduma za afya ya akili, kwa heshima na kwa kufuata sheria. Tanzania inayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoweka utaratibu wa kumpokea na kumtibu mgonjwa hata anapokuwa hawezi kujiamulia. Kamba na minyororo si sehemu ya tiba.

Kwa familia, ushauri ni uleule kwa lugha ya nyumbani. Usimcheke ndugu yako, wala usiite watu waje kumsikiliza anapotoa madai yake. Usimpe ahadi usizoweza kutimiza ili atulie. Zungumza naye habari nyingine anazozipenda: shamba, mpira, nyimbo za kanisani au kaswida. Kumbuka kwamba Makristo watatu walipata unafuu pale walipofanya kazi pamoja na kuimba pamoja, si pale walipohojiwa. Mkienda kwa kiongozi wa dini au mganga kwa faraja, msiache dawa, wala msikubali mgonjwa afungwe, achapwe au anyimwe chakula. Na mlezi apumzike. Anayeuguza bila kupumzika naye huugua.

Kwa mgonjwa mwenyewe anayesoma makala hii, huenda akiwa katika kipindi ambacho mawazo yametulia, yapo mambo mawili. Kwanza, una haki ya kuambiwa ukweli kuhusu tiba yako, kuuliza maswali, na kueleza dawa inakutendea nini. Ukiona mwili unakakamaa, unahangaika usiweze kukaa, au uzito unaongezeka, mwambie daktari badala ya kuacha kimya kimya. Dawa hubadilishwa na kipimo hupunguzwa. Pili, wakati ukiwa na afya, mwandikie mtu unayemwamini dalili zako za mwanzo na namna unavyotaka kusaidiwa zitakaporudi. Maneno yako ya siku njema yatakuwa wakili wako siku mbaya.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa chini ya theluthi moja ya watu wenye saikosisi ulimwenguni ndio wanaopata huduma ya kitaalamu ya afya ya akili. Wengine wote wanabaki mikononi mwa muuguzi wa zahanati, mhudumu wa jamii, mama, mume, na mchungaji au sheikh wa mtaa. Hao ndio wanaokutana kwanza na mtu anayesema yeye ni nabii, au anayesema chakula kina sumu. Wengi wao hawatamponya, kama Rokeach asivyomponya yeyote. Lakini wote wanaweza kufanya lile ambalo Leon aliliomba tangu siku za mwanzo na hakupewa: kutotumiwa, na kutodanganywa.